Nataka kuacha zamu niwe mshauri wa kaizen hapa Tanga. Nianzie wapi?

SWALI: Nina miaka 34, naishi Makorora, Tanga. Nina stashahada ya uhandisi mitambo na nimefanya kazi miaka 9 kwenye kiwanda cha unga. Sasa ni msimamizi wa zamu. Mwaka jana tuliletewa mafunzo ya siku tatu ya kaizen, ile njia ya Kijapani ya kuboresha kazi kidogo kidogo bila kukoma, na yakanikaa moyoni. Nafikiria kuacha kazi niwe mshauri wa kujitegemea, nivisaidie viwanda vya huku kwetu kuendesha uzalishaji kama Wajapani. Nichukue cheti gani? Nitoze kiasi gani? Na soko lipo kweli?

JIBU: Ndugu yangu wa Makorora, soko lipo, ila haliko pale ambapo wengi hulitafuta kwanza. Viwanda vikubwa, kama vya saruji kule Pongwe, vina mifumo na wahandisi wao. Ukigonga pale mkono mtupu utaishia kwa mlinzi getini. Wateja wako ni sehemu zenye watu 20 hadi 150, ambako mwenye mali anashinda hapo hapo na anaamua siku hiyo hiyo: wasagaji nafaka, wasindikaji maziwa, waoka mikate, karakana za magari, maseremala wenye mashine, maghala yanayohudumia bandari, wafungashaji wa machungwa Muheza, wasokotaji wa kamba za mkonge. Hospitali na vituo vya afya usivisahau. Njia ya S tano, yaani hatua tano za kupanga na kutunza sehemu ya kazi, ilianza kujaribiwa katika Hospitali ya Rufaa Mbeya mwaka 2007, na mpaka leo utakuta wauguzi wanaozijua Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia kuliko mameneja wengi wa viwanda.

Cheti hakitakufungulia mlango peke yake. Hakuna chombo kimoja duniani chenye mamlaka ya kumtawaza mtu kuwa mshauri wa kaizen. Wizara inayoshughulikia viwanda imekuwa ikiandaa wakufunzi wa kaizen kwa ushirikiano na JICA, shirika la misaada ya maendeleo la Japani, tangu 2013. Ulizia ofisi ya biashara ya mkoa au SIDO Tanga kama kuna awamu inayopokea watu. Japani kuna AOTS, taasisi iliyoanzishwa 1959, ambayo huendesha kozi fupi kwa mameneja na wahandisi wa nchi zinazoendelea. Ukiweza kupata nafasi, nenda. Mkanda wa kijani wa Siksi Sigma, yaani cheti cha ngazi ya kati cha kupunguza kasoro kwa kutumia takwimu, nao una faida moja kubwa: unakulazimisha kujua takwimu za kutosha kutofautisha mabadiliko ya kweli na bahati ya siku. Lakini mwenye kiwanda kule Gofu hatakuuliza mkanda. Atakuuliza umefanya wapi na kilitoka nini. Taiichi Ohno, aliyeujenga mfumo wa Toyota, alianzia kwenye kiwanda cha nguo cha Toyoda mwaka 1932 na kuhamia magari 1943. Kampuni ya ushauri ya Shingijutsu, iliyoanzishwa 1987, ilitokana na watu waliopikwa naye kwenye sakafu ya kiwanda. Sifa yao ilikuwa kazi ambayo mtu angeweza kwenda kuiona.

Kwa hiyo usiache kazi mwezi huu. Kiwanda ulichomo ndiyo sehemu pekee utakayolipwa mshahara wakati unajifunza. Toka pale na miradi miwili au mitatu iliyopimwa kabla na baada, ikiwa na saini ya meneja. Nakuelekeza mmoja kwa kina, kwa sababu unahusu unga na matokeo yake yanasomeka kwa shilingi.

Nenda kwenye laini ya mifuko ya kilo 25. Pima mifuko mitupu 10 na uchukue wastani wa uzito wake. Kisha pima mifuko 30 iliyojazwa: mitano mitano, mara sita tofauti ndani ya zamu, siyo yote asubuhi wakati kila mtu ana nguvu na meneja bado anazunguka. Toa uzito wa mfuko mtupu, andika kila namba hata ile usiyoipenda. Tuseme umepata wastani wa kilo 25.15, mwepesi kabisa 24.90, mzito kabisa 25.45. Kwa wastani kila mfuko unatoka na gramu 150 ambazo mteja hakuzilipia. Kwa mifuko 800 kwa siku hiyo ni kilo 120. Ukihesabu unga shilingi 1,200 kwa kilo, ni shilingi 144,000 kila siku, na kwa siku 26 za kazi ni shilingi 3,744,000 kwa mwezi.

Hapa ndipo wengi huharibu. Wanakimbilia kushusha mizani kwa gramu 150. Matokeo yake ile mifuko iliyokuwa 24.90 inakuwa 24.75, na siku Wakala wa Vipimo wakipita, akiba yote inakwenda kwenye faini, na jina la kiwanda linachafuka sokoni. Wastani hauguswi mpaka mtawanyiko, yaani tofauti kati ya mfuko na mfuko, umepungua. Uliza kwanza kwa nini mfuko mmoja ni 24.90 na mwingine 25.45 wakati mtu ni yule yule na mizani ni ile ile.

Simama pale saa nzima bila kuzungumza sana na utaanza kuona. Mizani imekaa kwenye sakafu isiyo sawa, inayumba kila mfuko unapotua. Unga umeganda chini ya sahani yake. Feni imeelekezwa moja kwa moja juu ya mizani. Tangi la juu likijaa, unga unashuka kwa kasi. Likikaribia kuisha, unashuka kwa kusuasua, na mjazaji anamalizia kwa sepeto kubwa ambalo kila chota ni karibu nusu kilo. Hakuna kosa la mtu katika orodha hiyo. Sawazisha mizani, isafishe kila saa, ikague kwa jiwe la kilo 20 lililohakikiwa, geuza feni, wekeni alama kwenye tangi lisishuke chini ya nusu, na mpe mjazaji kikombe cha gramu 100 cha kumalizia. Gharama yake ni kikombe, rangi na muda wa fundi.

Pima tena mifuko 30 kwa utaratibu ule ule. Mtawanyiko ukiwa sasa ni kati ya 25.10 na 25.20, hapo una haki ya kushusha kiwango kwa gramu 100, wastani uwe 25.05 na mwepesi kabisa asipungue kilo 25. Umeokoa kilo 80 kwa siku, kilo 2,080 kwa mwezi, takriban shilingi 2,496,000. Usiseme umeokoa milioni tatu na ushee. Gramu 50 zilizobaki ni kinga ya kiwanda, na mwenye mali akikukuta umeongeza chumvi kwenye hesabu hata mara moja, hatakuamini tena.

Bado hujamaliza. Bandika karatasi ya chati ukutani kando ya mizani, na wapakiaji wenyewe waweke nukta kila saa baada ya kupima mifuko mitano. Ondoka wiki mbili, uende zamu nyingine. Ukirudi ukakuta nukta zinaendelea, na mtu anaweza kukueleza kwa nini Jumanne saa nane nukta ilipanda, mradi umesimama. Ukikuta chati imekoma siku ile uliyoondoka, ulichojenga ni utii kwako. Tafuta kwa nini ilikoma: penseli ilipotea? Msimamizi hakuitazama hata siku moja? Kupima kuliwachelewesha kufikia idadi ya zamu? Mara nyingi ni hilo la tatu, na dawa yake ni kuipunguza kazi ya kupima au kuihesabu ndani ya muda wa zamu. Hotuba haitasaidia.

Mradi wa pili ufanye kwenye kubadilisha laini kutoka mfuko wa kilo 25 kwenda wa kilo 5. Shigeo Shingo, mhandisi wa Kijapani aliyeishauri Toyota, alionyesha kwamba mabadiliko ya saa nyingi yanaweza kushuka chini ya dakika 10, na siri yake ni kutenganisha kazi inayohitaji mashine isimame na ile inayoweza kufanyika ikiwa bado inazunguka. Omba ruhusa kwa wahusika, rekodi kwa simu kuanzia mfuko wa mwisho mzuri wa saizi ya zamani hadi mfuko wa kwanza mzuri wa saizi mpya, kisha keti na mafundi wale wale mtazame pamoja. Tuseme ni dakika 48: 17 za kwenda stoo kutafuta spana na mdomo wa kujazia, 9 za kumsubiri fundi umeme, 14 za kubadilisha kwenyewe, 8 za kupima na kurekebisha. Zile 26 za mwanzo hazina sababu ya kutokea mashine ikiwa imelala. Toroli moja yenye vifaa vyote, ikiandaliwa nusu saa kabla, na fundi umeme akiwa na ratiba ya mabadiliko mkononi, inakufikisha dakika 22. Kiwanda kinachobadilisha mara tatu kwa siku kimepata dakika 78 bila kununua mashine.

Jambo linaloua kaizen kuliko yote ni hofu ya kufukuzwa. Ukiboresha laini ya watu sita ikatosha watu wanne, na wiki ijayo wawili wakapewa barua, hapo ndipo ulipozika kazi yako katika kiwanda kile na katika vyote ambavyo ndugu zao wanafanya kazi. Tanga ni mji mdogo, na habari inafika Mabokweni kabla ya wewe kupanda daladala. Kabla hujagusa chochote, mwombe mwenye mali aahidi kwa maandishi, na kwa mdomo wake mbele ya wafanyakazi, kwamba hakuna atakayepoteza ajira kwa sababu ya maboresho. Wanaozidi kwenye laini wanahamishiwa kwenye kazi iliyokuwa haifanyiki: matengenezo, mauzo, laini mpya. Mwenye mali akikataa kuahidi, kazi hiyo usiichukue. Vivyo hivyo kwa wanaolipwa kwa kipande: wakigundua njia ya kupakia mifuko 500 badala ya 400, na tajiri akapunguza bei ya kila mfuko ili malipo yabaki yale yale, umewafundisha kukuficha kila wanachojua. Bei ya kipande ifungwe kwa muda, angalau miezi 12, na iandikwe.

Watu wa sakafuni wanajua mengi kuliko utakavyojua wewe, hata kwa miaka 9 yako. Mzee aliyeendesha kinu miaka 20 unamfuata na shikamoo kwanza, saa ya kuhesabia sekunde ikiwa mfukoni. Mwambie unapima kazi, humpimi yeye, na umwonyeshe karatasi yenyewe isiyo na jina lake. Swali linalofungua midomo ni hili: “Mzee, ni kitu gani unakirudia kila siku ambacho ungetamani usikirudie?” Ukiuliza “tatizo ni nini hapa?” utajibiwa hakuna tatizo, kwa sababu kwa miaka mingi atajaye tatizo ndiye amekuwa akiulizwa nani kalisababisha. Na unapochimba kwa kuuliza “kwa nini” mara tano, jibu likiishia kwenye “mfanyakazi mzembe,” bado hujafika chini. Uliza tena: kwa nini kazi imepangwa hivi kwamba mtu akichoka kidogo tu inaharibika?

S tano utaombwa kila mahali, na kila mahali utakuta imegeuzwa usafi wa kusubiri wageni. Ifanye eneo moja lisilozidi mita 50 za mraba, siyo kiwanda kizima. Katika kusasambua, kila kitu kisichotumika kinapewa kadi nyekundu yenye jina la kitu, idadi, tarehe na jina la mtu mmoja anayetakiwa kuamua ndani ya siku 7. Kadi isiyo na jina la mwamuzi itakaa pale mpaka ififie. Mhasibu awepo tangu siku ya kwanza, maana mota chakavu unayoiona takataka inaweza kuwa bado kwenye vitabu vya mali. Na fundi mkuu awepo, maana beringi iliyoonekana haina kazi ndiyo pekee inayoingia kwenye kinu cha zamani. Katika kiwanda cha unga kusafisha ni ukaguzi: anayefuta ndiye anayeona nati iliyolegea na ufa kwenye mkanda. Piga marufuku kupuliza vumbi kwa kompresa. Vumbi la unga likitanda hewani linaweza kulipuka likikutana na cheche, na lililobaki linaingia kwenye mota. Tumieni mashine ya kufyonza na ufagio laini.

Jifunze pia hesabu ya takti, yaani kila baada ya muda gani bidhaa moja inapaswa kutoka ili wateja watoshelezwe, mpaka uifanye kichwani. Zamu ya dakika 480, toa 30 za chakula na 10 za usafi, zinabaki 440, yaani sekunde 26,400. Wateja wakihitaji katoni 1,200 kwa siku, kila sekunde 22 katoni moja inapaswa kutoka. Jumla ya kazi ya mikono kwenye katoni moja ikiwa sekunde 78, unahitaji watu 3.5, yaani wanne, na kituo chochote kinachozidi sekunde 22 ndicho kinachowachelewesha wengine wote. Pima kila kituo angalau mizunguko 10. Ukipima mmoja, umepima bahati.

Sasa pesa. Usikubali kulipwa asilimia ya akiba itakayopatikana, hata ikionekana tamu. Bei ya mahindi ikipanda au umeme ukikatika mtabishana miezi mitatu nani kasababisha nini, na wewe ndiye utakayechoka kwanza. Toza kwa siku. Chukua unachohitaji kwa mwezi pamoja na nauli, bima, kodi na vifaa, ukigawe kwa siku 8, siyo 26. Siku nyingine zote utakuwa unatafuta wateja, unaandika ripoti na unafuatilia malipo. Mahitaji yakiwa shilingi 2,400,000, siku yako ni shilingi 300,000. Mwenye mali akishtuka, mwekee kando yake ile hesabu ya unga. Kwa kazi ya kwanza pendekeza wiki 12, siku moja kwa wiki, laini moja tu. Malipo yawe awamu tatu: sehemu kubwa kidogo mwanzoni, nyingine baada ya vipimo vya katikati, ya mwisho baada ya kupima upya. Mkataba utaje laini ipi, kipimo kipi na kimepimwaje, ahadi ya ajira, usiri wa takwimu, na jina la mtu wa ndani atakayeshika kazi pamoja nawe saa zisizopungua nne kwa wiki. Mtu huyo asipokuwepo, usianze. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini katika kazi hii mwenyeji asiposhika dawa kwa mkono wake, ugonjwa unarudi mgeni akishafika Kange kupanda basi.

Wengi watakuomba semina ya siku mbili hotelini Raskazoni badala ya hayo yote. Unaweza kuifanya ikilipa, lakini usiite kaizen, na usiihesabu kama rekodi. Mwambie mteja saa mbili za maelezo zinatosha, halafu mvae viatu vya usalama mwende kwenye laini.

Upande wa karatasi ni mfupi: jina la biashara BRELA, namba ya mlipakodi TRA, leseni ya biashara kutoka Halmashauri ya Jiji. Kampuni zinazokulipa zitakata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye ada yako. Dai hati ya zuio kila mara, maana inapunguza kodi yako ya mwaka. Ukiipoteza, umelipa mara mbili.

Kuhusu lini uondoke: uwe na miradi miwili iliyosimama bila wewe, mteja mmoja aliyekwisha kusaini, na akiba ya miezi 6 ya matumizi ya nyumbani. Soma mkataba wako wa ajira kwanza. Angalia kama una kifungu cha usiri au cha kutofanya kazi na washindani, na umwombe meneja ruhusa ya maandishi ya kutumia matokeo ya miradi yako bila kutaja jina la kiwanda. Kwa anayelipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28, labda mkataba wako uwe umeweka ndefu zaidi. Zitumie siku hizo kumkabidhi msimamizi mwenzako chati za mizani na toroli ya vifaa, ukimpitisha zamu moja moja, kwa sababu kiwanda hicho ndicho wateja wako watakachokipigia simu kuulizia habari zako.